Macho ya Kijiweni

Nianze na bei, maana kwa miaka miwili bei ndiyo niliyojifichia.

Januari 2017 nilinunua mashine ya kukimbilia, ya mtumba, katika duka moja la Kariakoo. Shilingi 1,350,000. Kirikuu iliyoileta Mbagala ikala 40,000, na vijana wanne walioishusha wakala 20,000, kwa sababu ilibidi kwanza wang'oe mlango wa sebuleni ndipo ipite. Majirani walitoka kushuhudia. Aliyeuliza hicho kidude ni cha nini nilimjibu kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Ni cha Mama Zawadi. Hospitali wamesema afanye mazoezi."

Nilisifiwa. Mama mkwe alipiga simu kutoka Korogwe kunishukuru, akaniombea dua ndefu mpaka salio likamkatikia. Kijiweni nikapewa kahawa ya bure. Hakuna aliyejua kwamba wiki tatu kabla ya siku hiyo mke wangu alikuwa ameniomba jambo la shilingi 500 kwa wiki, nami nikamkatalia. Mashine ile niliinunua ili kufunika kukataa kule, na leo nataka kufunua.

Kwanza mjue mke wangu nilimwona wapi. Ilikuwa mwaka 1998, Tanga, kwenye mashindano ya UMISSETA ya mkoa. Mimi nilikuwa kidato cha tano na nilikwenda kama mshangiliaji tu, kwa kuwa gari la shule lilikuwa na nafasi na mimi nilikuwa na sauti. Yeye alikuwa kidato cha nne, timu ya Korogwe, herufi C imeshonwa kifuani. Asiyeujua mpira wa pete huenda asione uzito wa herufi hiyo. Timu ina wachezaji saba, na kila mmoja amekatiwa eneo lake. Ukikanyaga pasipo pako, filimbi inalia. C ndiye anayeruhusiwa theluthi zote tatu za uwanja, isipokuwa ndani ya nusu duara za kufungia. Anapokea, anageuka, anagawa, anarudi kukaba. Siku ile alikimbia mchezo mzima kama mtoto aliyetumwa dukani na kutemewa mate chini, arudi kabla hayajakauka. Nilishangilia timu ambayo haikuwa ya shule yangu, walimu wangu wakaninunia.

Nimeoa mchezaji, na nilijua ninaoa mchezaji. Nalisema hili mapema ili msomaji mwenye huruma asinitafutie udhuru.

Mwaka 2016, baada ya mtoto wetu wa tatu, presha yake ilipanda ikakataa kushuka. Kipimo kilisoma 158 kwa 102. Kikarudiwa wiki iliyofuata, kikasoma karibu na hapohapo. Muuguzi akatueleza kwamba ikishafika 140 kwa 90 na kung'ang'ania huko, si ya kupuuzwa. Akampa dawa, akamwambia chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na alipokuwa anafunga daftari akaongeza: "Na mwili utoke jasho, mama."

Desemba ya mwaka huohuo Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa ya mazoezi. Tuliona kwenye taarifa ya habari. Mke wangu alikuwa na mtoto mapajani. Akasema macho yakiwa bado kwenye televisheni: "Baba Zawadi, hapa mtaani kuna klabu ya jogingi. Na mimi nataka kwenda."

Klabu yenyewe niliijua vizuri. Walikuwa wanakutana kila Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenye kiwanja kilicho nyuma ya shule ya msingi, wanakimbia Barabara ya Kilwa kutoka Zakhem hadi Rangi Tatu na kurudi, kisha wananyoosha viungo. Jumatano na Jumamosi jioni kina mama walikuwa wanabaki na kiwanja peke yao, wanacheza rede. Ada ilikuwa 500 kwa wiki: inanunua maji, bandeji na dawa ya kuchua, na kinachobaki kinaingia kwenye mfuko wa kuuguzana na kuzikana. Fulana 12,000, unalipa kidogokidogo.

Nikamkatalia. Nikamwambia barabara ina magari ya kokoto yasiyo na breki. Nikamwambia saa kumi na moja na nusu ni giza na vibaka hawajalala. Nikamwambia mtoto bado ananyonya, na hawa wawili chai yao nani atawapikia. Kila nilichokisema kilikuwa kweli, na sikuwa namaanisha hata kimoja. Mwisho nikatoa lile ambalo wanaume tumelirithi pamoja na panga na jembe: "Heshima ya nyumba, Mama Zawadi."

"Haya," akasema. Hakubishana hata neno moja. Ukimya ule nikauhesabu kuwa utii.

Sasa niseme sababu.

Kijiwe chetu kipo pembeni mwa barabara, chini ya mwarobaini, kwa mzee wa kahawa. Jumapili asubuhi huwa tunajaa. Kuna kashata, kuna drafti, kuna ugomvi wa Simba na Yanga ambao haujapata hakimu tangu tuzaliwe. Na saa moja kasorobo klabu ya jogingi ilikuwa inapita mbele yetu ikirudi kutoka Rangi Tatu, wanaume mbele, kina mama nyuma, wanaimba kama mchakamchaka wa shule ya msingi.

Tulikuwa tukiwangoja. Hiyo ndiyo kweli. Tulikuwa na viti vyetu vinavyoelekea barabarani, na wakitokea tu drafti inasimama. Kila mama anayepita alikuwa na hukumu yake: huyu anakimbia na nyumba yake mgongoni, yule kaja kutafuta bwana, huyu mumewe yuko wapi. Mimi sikuwa msikilizaji. Mimi nilikuwa na kipaji. Ndimi niliyekuwa natoa majina, na jina likishatoka kinywani mwangu lilikuwa linakaa. Kuna mama mmoja mnene aliyekuwa akikimbia wa mwisho, pole pole, anahema kwa sauti. Nilisema: "Scania hiyo, inapandisha Sekenke." Aliyewahi kupanda mlima ule wa Singida nyuma ya lori lenye mzigo anaielewa picha. Watu walicheka mpaka mzee wa kahawa akamwaga kikombe. Yule mama akageuza kichwa, akatutazama, akaendelea.

Wiki iliyofuata hakuwamo. Wiki ya pili hakuwamo. Sikuuliza.

Basi mke wangu aliponiomba ruhusa, nilichokiona si lori la kokoto. Niliona mwarobaini. Niliona viti vimeelekea barabarani, na Mama Zawadi anatokea kwa mbali na mwili wake wa uzazi wa watoto watatu, na wenzangu wanasubiri nimpe jina. Nilijua kila kitu kitakachosemwa kwa sababu nusu ya maneno yale niliyatunga mimi. Nilikuwa namlinda mke wangu na macho, na macho yenyewe yalikuwa yangu.

Ningeweza kuwaambia wenzangu waache. Ningeweza kuacha mimi. Badala yake nilikwenda benki ya wafanyakazi, nikakopa.

Mashine ilikaa kati ya kochi na jokofu. Wiki za mwanzo alijitahidi. Alikuwa akipanda saa kumi jioni, juu yetu bati limewaka, ndani hakuna hata upepo wa kutikisa pazia, na jicho lake moja liko kwenye mita ya LUKU. Uniti zikishuka, anashuka. Umeme ukikatika, amekatika. Siku moja nikamkuta amesimama juu ya mkanda uliozimwa, mikono kiunoni. Akaniuliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua: "Wewe umewahi kukimbia ukiangalia ukuta?"

Sikuwa nimewahi. Mashine ile sikuwa nimeipanda hata mara moja tangu tuinunue, nami nilikuwa na kilo 94 na kitambi kilichokuwa kikifika kazini kabla yangu.

Kufikia Machi aliacha. Masika yalipoanza, mashine ikapata kazi yake ya kudumu: kuanikia nguo za mtoto. Wale wawili wakubwa wakaifanya daladala. Mmoja anashika usukani, mwingine ananing'inia pembeni akiita abiria wa Kariakoo, wawili wa mwisho, twende. Nilikuwa nikipita pale kila jioni, natundika shati langu.

Simlaumu aliyetengeneza mashine. Wapo wanaoitumia na inawafaa. Lakini mke wangu hakuniomba mashine. Mtu aliyelelewa na wachezaji sita pembeni yake alikuwa anaomba watu: wa kumgongea dirisha alfajiri, wa kumcheka akikosea, wa kumuuliza Jumatano mbona Jumapili hukuonekana. Mashine haigongi dirisha. Mimi nilimchukua mwenye herufi C, mwenye ruhusa ya uwanja mzima, nikamkatia eneo la kati ya kochi na jokofu. Nikapiga na filimbi.

Machi 2019 tulirudi kliniki akiwa na maumivu ya kichwa ya siku tatu. Kipimo: 172 kwa 108. Muuguzi alikuwa mwingine, kijana, mwenye maneno machache.

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Chumvi?"

"Nimepunguza."

"Mazoezi?"

"Mashine ipo."

Kijana akainua kichwa. "Mama, nimeuliza mazoezi. Sijauliza mashine."

Mke wangu akanigeukia polepole. "Muulize Baba Zawadi," akasema.

Nimeulizwa maswali magumu maishani. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha. Nimesimama mbele ya maofisa na makaratasi yenye kasoro na nikajieleza nikaeleweka. Siku ile sikupata sentensi. Nilitazama kibao cha kupimia macho ukutani, herufi zinazopungua, mpaka kijana akanionea huruma akaendelea mwenyewe. Akatueleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kwamba dakika hizo hazihitaji kuwa za mkupuo. Unaweza kuzigawa siku unavyotaka. Mwendo wa wastani utaujua kwa kinywa: unaweza kuzungumza na mwenzako, ila kuimba kunakushinda. Akaongeza dawa moja, akasisitiza kwamba mazoezi hayafuti vidonge. Asiache hata kimoja mpaka aambiwe na hospitali.

Ndani ya daladala tulikaa kimya hadi tulipopita Mtoni. Nikasema, "Jumapili tutakwenda."

"Tutakwenda?" akasema. "Mimi niliomba kwenda."

"Basi nenda."

Akatazama nje kidogo. "Na wewe njoo. Lakini njoo ukimbie. Mlinzi sihitaji."

Jumapili ile ya kwanza nilivaa raba za mtumba na bukta iliyokuwa ikinibana tangu harusi ya mdogo wangu. Kapteni wa klabu, kijana wa bodaboda, alinipa shikamoo, akanipima kwa jicho, akanipeleka nyuma kabisa, kwenye kundi wanaloliita la wazee. Humo alikuwamo mama muuza vitumbua mwenye wajukuu. Mita mia tatu za kwanza nilikimbia kama mwanamume. Zilizofuata nilikimbia kama mimi. Moyo ulikuwa unagonga masikioni, goti la kushoto linalalamika, na mke wangu, ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nahofia ataaibika, alikuwa tayari hatua ishirini mbele yangu, mikono chini, mabega yametulia. Mwili ulikuwa umesahau mengi, lakini ule mkao wa Tanga haukuutoka.

"Baba, fupisha hatua," mama muuza vitumbua akaniambia. "Hakuna basi unalowahi."

Nikafupisha. Nikapumua. Na hapo nikagundua akili iliyomo ndani ya nyimbo zile. Anayeongoza anaimba mstari, wengine wanaitikia. Ukiona umeshindwa kuitikia, ujue umezidisha mwendo, rudi nyuma utembee mpaka sauti irudi. Hakuna saa ya mkononi, hakuna mashine ya kuhesabu mapigo. Bibi yule alikuwa akiimba njia nzima. Maana yake alikuwa akienda taratibu kuliko anavyoweza, ili mimi nisibaki peke yangu.

Tukageuza Rangi Tatu. Tulipokaribia mwarobaini niliona viti vimeelekea barabarani.

Kitu kikatokea ambacho sikuwa nimekitegemea. Hatua kama hamsini kabla ya kijiwe, kapteni akabadilisha wimbo, akaanza mmoja wenye makofi, na kina mama wote wakapandisha sauti kwa pamoja, juu kabisa. Mimi wimbo ule niliufahamu. Jumapili zote nilizokaa pale niliusikia, na tulikuwa tukisema: waone, wakifika kwetu wanaimba kwa nguvu, wanatutaka tuwatazame. Kumbe walikuwa wanajifunika. Walipandisha sauti ili wasitusikie.

Sauti haikutosha. Kupitia makofi nilisikia mmoja wetu, mtu ambaye tumegawana kashata miaka mingi, akisema, "Scania! Sekenke!" Alikuwa anamwonyesha mke wangu. Bado hakuwa ameniona mimi.

Nimesimulia kisa hiki mara kadhaa kwa watu, na kila mara hapa nilikuwa nadanganya. Nilikuwa nasema nilisimama nikawakemea. Sikusimama. Niliinamisha kichwa nikakimbia, nikijificha nyuma ya mgongo wa bibi wa vitumbua. Mke wangu hakugeuka. Alipiga makofi yake, akaitikia wimbo wake, akapita.

Baada ya hapo mwaka ulikwenda kama mwaka wa watu wanaofanya mazoezi unavyokwenda, bila maajabu. Ziko Jumapili tulizolala. Iko wiki mvua ilijaza kiwanja tukatembea tu, kwenda na kurudi sokoni, tukaihesabu. Jumapili moja ilikuwa inatupa dakika 70 hivi. Yeye alikuwa akijaza dakika zake zilizobaki kwa rede, mimi kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya ofisi.

Kuhusu rede nina la kusema, kwa sababu nilikuwa nikiuita mchezo wa watoto. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi na nailoni. Wa katikati ana chupa tupu na mchanga. Lazima aijaze huku anakwepa. Wanamrushia, anainama, anaruka, anazunguka, anateka mchanga, anakimbia. Akiguswa na mpira katoka. Mume yeyote anayedhani hilo ni jambo dogo aingie katikati dakika tano, kina mama wawili wa Mbagala wamlenge. Mimi niliingia. Sikujaza hata robo ya chupa. Nilitoka nimeshika mbavu na watoto wangu watatu wanagaragara kwa kicheko pembeni ya kiwanja. Mchezo ule unafanyisha kazi miguu, mgongo, jicho na pumzi kwa pamoja, na gharama yake ni soksi iliyotoboka.

Kliniki ya mwisho wa mwaka ule kipimo chake kilisoma 138 kwa 86, dawa zikiwa palepale. Mimi nilishuka hadi kilo 87. Siyauzi mazoezi kwa namba hizo. Mwili wa mtu mwingine una hesabu yake. Hesabu ninayoweza kuitetea ni ya karani: mashine, kirikuu na vijana wa kuishusha ni shilingi 1,410,000. Ada ya 500 kwa wiki ni 26,000 kwa mwaka. Nilitumia ada ya mtu mmoja ya miaka 54 kumzuia mke wangu asitoke nje ya geti.

Mashine niliiuza kwa 450,000 kwa mtu wa Chamazi mwenye sebule kubwa. Mlango ukang'olewa tena. Fedha ile nilimpa mke wangu mkononi, nikamwambia aamue. Akaamua nguzo za mpira wa pete, ziwekwe kiwanjani, na klabu ikakubali. Tukanunua mabomba mawili, mfuko wa saruji, kamba za nailoni za kusuka neti, mpira. Kazi ya ringi nikampa fundi wa kuchomelea wa jirani. Siku ya kuzichukua mke wangu aliziona tangu ng'ambo ya barabara, hajafika hata karibu.

"Hizo ni za kikapu," akasema. "Pana mno. Zetu ni sentimita 38."

Fundi akanitazama mimi, kunitaka nithibitishe. Mafundi wote hufanya hivyo, na sisi waume wote huthibitisha. "Msikilize yeye," nikasema. Akapima. Zilikuwa 45. Akazikata upya, akinung'unika, na mke wangu akasimama palepale mpaka cheche za mwisho zilipozima. Nguzo zilisimama kwa urefu wake halali, mita 3 na sentimita 5. Mke wangu alipangua mwenyewe saruji iliyomwagwa vibaya.

Sasa binti yetu mkubwa anacheza pale, na mama yake anacheza pale, timu tofauti. Mama bado anavaa C.

Ningependa kuishia hapo, nguzo zimesimama na kila mtu anatabasamu. Lakini nguzo mbili si fidia, na mimi bado nakwenda kijiweni. Marafiki zangu wako pale. Kahawa ya pale sijapata mfano wake. Viti bado vinaelekea barabarani. Wanapoanza maneno yao, mara mbili nimewaambia waache, nikaitwa mlokole wa mazoezi. Mara nyingine zote nimetoa simu mfukoni nikajifanya nasoma ujumbe. Yule mama niliyempa jina huwa nakutana naye sokoni Rangi Tatu. Namwamkia, ananiitikia, napita haraka kwenye nyanya.

Na kuhusu utani ule wa Sekenke, kwamba mwenye kuutunga ni mimi, mke wangu nilikuwa sijamwambia. Jana usiku nilimpa karatasi hizi azisome kabla sijazitoa. Alisoma amekaa kitandani, miwani puani, bila haraka. Alipofika penye Scania hakusimama. Nikajua.

"Ulikuwa unajua?"

"Aliniambia mwenyewe, wiki ileile," akasema. "Kabla sijakuomba."

"Na ukaniomba hivyohivyo?"

"Nilitaka kuona utasema nini." Akageuza ukurasa. "Ukasema magari ya kokoto."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nje bodaboda ilipita, mbwa wakaifukuza, wakarudi. Akamaliza kusoma, akazilaza karatasi juu ya magoti, akarudi nyuma kutafuta mahali fulani, akaweka kidole.

"Hapa umeandika wiki ya pili hakuwamo, wewe hukuuliza. Ukaachia hapo, kama vile hujui aliacha kwa nini."

"Sijui kwa hakika."

"Mimi najua. Aliacha kwa sababu yako. Aliuza na raba. Liandike."

Nimeliandika.